Kinachokokotwa Nacho Kiwe na Freni: Njiani kutoka Butembo hadi Beni na Kasindi

Wamama wapenzi, wadada, na ninyi wababa mnaoisoma karatasi hii mama akiisha kuiacha mezani,

Juma hili tunasafiri pamoja. Hatwendi mbali. Ni kilometa 54 kutoka Butembo hadi Beni, kisha kilometa kama 80 kutoka Beni hadi Kasindi, kwenye mpaka wa Uganda. Wengi wetu tunaijua njia hii kama njia ya kwenda kisimani. Tumeipita na mizigo, na watoto mgongoni, na wagonjwa, na maiti za ndugu zetu. Tumeipita kwa vumbi na kwa matope. Kwa hiyo sitawafundisha njia. Nataka tu tuitazame kwa jicho lingine. Kwa desturi msafiri hutazama mbele: barieri iko wapi, mvua inatokea upande gani, askari wanasema nini. Leo tutazame nyuma. Tutazame kila kitu kinachofungwa nyuma ya kingine na kuvutwa, na tuulize swali moja tu: kile kinachovutwa, nani anakizuia?

Swali hilo linatuhusu sisi wamama kwa sababu ndani ya kinachovutwa, au kando yake barabarani, mara nyingi tupo sisi na watoto wetu.

Kutoka Butembo

Asubuhi katika parkingi za Butembo kuna baridi, na kila mtu amejifunika. Kamio zinapakiwa viazi, kabichi, puaro, vitunguu na maharage kutoka milima ya Lubero. Zinazorudi kutoka Beni zinashusha mafuta ya mawese, ndizi, mchele na kakao. Biashara hiyo ya kubadilishana mlima na bonde ndiyo inayolipa karo za shule katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Mama akiisha kupakia magunia yake, hupanda juu yake, hufunga kitambaa vizuri, na safari inaanza.

Kutoka hapo njia inapanda na kushuka, inapanda tena na kushuka tena. Lakini ukiihesabu yote, inashuka zaidi kuliko inavyopanda, kwa maana Butembo iko juu kwenye baridi na Beni iko chini kwenye joto. Hata bila kipimo utajua: ukifika Maboya unaanza kulegeza kitambaa, na ukiipita Kabasha unakivua. (Kabasha ninayoitaja ni kijiji cha njia hii. Musiichanganye na ule mteremko wa Kabasha unaoshuka kutoka Kanyabayonga kwenda tambarare ya Rwindi, ambao mashofere wa zamani wanauogopa mpaka leo.)

Njia inayoshuka ina tabia yake. Kwenye mpando, gari bovu linasimama tu, na hasara ni saa zilizopotea. Kwenye mteremko, gari bovu halisimami. Uzito wake mwenyewe unalisukuma. Ndiyo maana fundi akikwambia kwamba moteri ni mbovu, utakasirika. Lakini akikwambia freni ni mbovu, shuka.

Mtoto wa chukudu ana hekima

Katika miteremko hii utakutana na vijana wanaosukuma kinga, yaani baisikeli, zenye magunia pande zote mbili, na mara nyingine chukudu za mbao. Chukudu ni sifa ya Kivu Kaskazini. Goma wameisimamishia sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Watu wengi wanaicheka wakisema ni chombo cha maskini. Mimi nawaomba muitazame vizuri nyuma, juu ya gurudumu. Utaona kipande cha mpira wa gari kuukuu. Kijana akishuka na mzigo, anakikandamiza kwa mguu, mpira unasugua gurudumu, na mwendo unapungua. Hiyo ndiyo freni yake. Haina hewa wala mafuta, lakini ipo, na iko kwenye gurudumu lenyewe linalobeba mzigo. Hakuna kijana mwenye akili timamu anayeshuka mlima na gunia za viazi juu ya chukudu isiyo na kipande kile.

Sasa linganisheni na jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Gari limekufa njiani. Kamio inapita, wanaongea bei, kamba au kebo inafungwa mbele ya lile bovu na nyuma ya kamio, na safari inaendelea. Ndani ya lile bovu abiria wamebaki palepale, pamoja na mama mwenye mtoto anayenyonya. Kijana wa chukudu hangekubali safari kama hiyo. Sisi tunaikubali, tena tunatoa asante.

Kamba inavuta, haizuii

Nikiwa darasani, jambo hili ningelionyesha kwa vitu viwili vyenye magurudumu na uzi. Vuta cha mbele: cha nyuma kinafuata vizuri. Simamisha cha mbele ghafula: cha nyuma kinakigonga. Mtoto wa darasa la pili anaelewa mara moja. Uzi unajua kazi moja tu, kuvuta. Hauwezi kurudisha nyuma.

Kamba kati ya kamio na gari bovu mara nyingi ina urefu wa mita chache tu. Shofere wa mbele akikanyaga freni kwa sababu ya mbuzi au shimo, yule wa nyuma ana nafasi ya mita hizo chache kusimamisha gari lake. Na gari lake ni la aina gani? Ni gari ambalo moteri yake imezimika. Hapa kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Katika magari mengi, moteri ndiyo inayousaidia mguu wa shofere kukanyaga freni. Moteri ikizimika, msaada unabaki kwa kukanyaga mara mbili au tatu hivi, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Freni haijafa, lakini sasa inataka nguvu nyingi za mguu. Usukani nao, katika magari mengi ya siku hizi, unakuwa mzito moteri ikizimika. Na mtu akiisha kuuondoa ufunguo, usukani unaweza kujifunga kabisa, na gari likaenda moja kwa moja hata mahali barabara inapokata kona.

Na tena, nani anapewa kushika usukani wa gari linalovutwa? Mara nyingi shofere anakwenda kukaa mbele na kuongea na wenzake, na gari bovu linaachiwa konvoyeri kijana ambaye bado anajifunza. Ingepaswa kuwa kinyume. Gari linalovutwa linahitaji shofere mwenye nguvu na uzoefu kuliko lile linalovuta.

Wengine wanasema: basi tutumie chuma badala ya kamba. Ni kweli, chuma kigumu kinazuia gari la nyuma lisimgonge wa mbele. Lakini chuma hakina freni. Sasa uzito wote wa gari la nyuma unasukuma gari la mbele, na freni za gari moja zinabeba kazi ya magari mawili. Kama kamio ni kubwa na gari bovu ni dogo, itawezekana kwa mwendo wa pole. Kama yanalingana uzito, gari linaloweza kusimama ndani ya mita 8 litataka karibu mita 16. Na kwenye mteremko mrefu freni zinapata joto, zinatoa harufu ya kuungua, kisha zinaanza kuteleza. Shofere anakanyaga na hakuna kinachomjibu.

Nyumba yenye magurudumu

Huko Marekani na Ulaya kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu, wanaosafiri katika gari kubwa kama basi lenye kitanda, jiko na choo ndani. Ni nyumba yenye magurudumu. Wakifika mji fulani, hawawezi kwenda sokoni na nyumba nzima. Kwa hiyo wanafunga gari dogo nyuma na kulikokota safari yote, likiwa tupu, hakuna mtu ndani yake.

Watu hao wana pesa na barabara nzuri, na hata hivyo walikutana na swali letu lilelile: gari dogo nyuma, nani analizuia? Jibu lao ni kulipatia freni inayojikanyaga. Aina moja ni sanduku dogo linalowekwa chini, mbele ya kiti cha shofere, na mkono wake unashikishwa kwenye pedali ya freni. Gari kubwa likipunguza mwendo, sanduku linasikia, na mkono unakanyaga pedali ya gari dogo. Tena wanaongeza kamba nyembamba ya usalama. Ikitokea chuma cha kuvutia kimekatika, kamba hiyo inavutika na gari dogo linajifunga freni lenyewe, badala ya kuingia katika nyumba ya mtu.

Katika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, kitu kinachokokotwa bila freni yake hakiruhusiwi kupita kilo 750. Hesabuni pamoja nami: mfuko wa simenti una kilo 50, kwa hiyo kilo 750 ni mifuko 15. Zaidi ya mifuko 15, kinachokokotwa lazima kiwe na freni. Sasa kumbukeni teksi yetu, ambayo ikiwa tupu inapita kilo hizo, halafu ongezeni abiria saba na magunia juu.

Sikuwaletea habari hizi ili tuwaonee wivu wenye nyumba zinazotembea. Nimezileta kwa sababu zinaonyesha kwamba kijana wa chukudu wa Maboya na mzee wa Marekani wamefikia sheria moja: kinachobeba uzito kiwe na freni yake chenyewe.

Beni, mahali kamio kubwa zinapokutana

Tukifika Beni, joto linatupokea. Kuzunguka mzunguko wa Nyamwisi kuna pikipiki nyingi, na katikati yao zinapita kamio ndefu zenye remorke. Nyingi kati ya bidhaa hizo zimeshuka melini Mombasa, zikavuka Kenya na Uganda, zikaingia kwetu kwa Kasindi. Vitambaa tunavyovaa, vyombo vya jikoni, chumvi na sabuni, njia yao ni hiyo.

Remorke hizi zinatufundisha jinsi jambo linavyopaswa kufanywa. Kati ya kichwa cha kamio na remorke utaona mipira myembamba inayoning'inia. Hiyo inapitisha hewa ya freni. Mmoja unaipelekea remorke hewa wakati wote, mwingine unapeleka habari kwamba shofere amekanyaga. Ule wa kwanza ukikatika, hewa inatoka kwa kelele na remorke inajifunga freni yenyewe. Waliotengeneza chombo hicho walitaka kwamba siku kitakapoharibika, kisimame. Kwa hiyo mtu anayeziba au kufungua freni za remorke ili gari lililogoma liendelee na safari, ameondoa kitu kilichowekwa kwa ajili ya maisha ya watu.

Na watoto wetu wajue jambo moja kuhusu remorke. Kwenye mpando, kamio inapokwenda pole, watoto na vijana wa kinga wanapenda kushika nyuma ili wavutwe bure. Shofere hawaoni. Kamio ikikata kona, remorke haifuati alama za magurudumu ya mbele. Inakata ndani zaidi, inasogea ukingoni, pale hasa mtoto anapotembea. Na kinga inayovutwa na kamio haina freni ya kutosha kusimama pamoja nayo. Ni gari bovu lingine, tena limebeba mtoto wa mtu.

Pikipiki nazo tumeziona. Moja imeishiwa mafuta, motari mwenzake anaisukuma kwa mguu wake kutoka nyuma, na juu ya ile iliyoishiwa amekaa mama na mtoto. Mguu wa mtu si chuma. Ukiteleza, pikipiki mbili zinaanguka mahali kamio inapita. Mama, shuka. Tembea mpaka kwenye mafuta. Motari hatakuchukia, na kama atakuchukia, itapita.

Kuelekea Kasindi

Kutoka Beni kwenda Kasindi njia inashuka tena mpaka daraja la Semuliki, inapita katika eneo la mbuga ya Virunga, inafika Bulongo, na siku ya hewa safi milima ya Ruwenzori inaonekana upande wa kushoto. Mwishoni ni Lubiriha, soko na mpaka. Ng'ambo kule, Mpondwe, magari yanabadilisha upande: kwetu tunashika kuume, Uganda wanashika kushoto.

Tarehe 16 Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani hapo kuzindua mradi wa barabara za kilometa 223: hizi 80 za Kasindi na Beni, hizi 54 za Beni na Butembo, na 89 za Bunagana, Rutshuru na Goma. Sote tuliomba barabara. Mama aliyewahi kulala katika matope na nyanya zake zikioza hahitaji kuelezwa faida ya lami. Lakini lami inaleta mwendo, na mwendo una hesabu yake ambayo haina huruma.

Mwendo wa kilometa 30 kwa saa, gari linakula zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja. Kwa kilometa 60, linakula karibu mita 17. Sekunde moja ndiyo hupita kati ya shofere kuona hatari na mguu wake kukanyaga. Baada ya hapo, mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi ya kusimama haizidishwi mara mbili. Inazidishwa mara nne. Gari linalosimama kwa mita 8 likiwa na mwendo wa 30, litataka kama mita 32 likiwa na mwendo wa 60. Liongezee gari bovu lenye uzito uleule nyuma, lisilo na freni, na mita hizo zinakaribia 64. Hapo ndani ya mita 64 kuna shule ngapi, kuna vibanda vingapi vya ndizi kando ya njia yetu?

Zamani mashimo yalituzuia. Mashimo yakiisha, lazima tuzuiliwe na akili zetu.

Kuhusu hofu

Sasa nifikie jambo ambalo najua mmekuwa mkiliwaza tangu mwanzo. Mtasema: mwalimu, unaongea vizuri, lakini gari likifia porini jioni, nani atakaa kungoja? Na mko na haki. Tangu mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, hakuna mtu wa njia hizi anayetaka kulala njiani. Wakati magari yanapokwenda kwa msafara wa kusindikizwa na askari, kila mtu anaogopa kuwa wa mwisho. Gari likizimika, sauti zote zinasema: fungeni kamba, twende! Na wanakwenda mbio, gari bovu likiyumba nyuma, kwa sababu msafara haungoji.

Siwezi kuwaambia msiogope. Lakini hofu inaokoa mtu pale tu inapotuma afanye lililo la maana. Gari likizimika mahali pabaya, cha kuokoa kwanza ni watu. Abiria washuke wote na kugawanywa katika magari mengine, wamama wenye watoto kwanza, hata kama kila gari litachukua wawili tu na kubanana. Kisha gari likokotwe tupu, na shofere wake mzuri peke yake ndani. Kama limepakia magunia mazito na nafasi haipo, gari liachwe na magunia yake. Ni maneno machungu, kwa sababu gunia lile pengine ni pesa za likelemba ya wamama kumi. Lakini likelemba inaweza kuanza tena wakiwepo wale kumi.

Ndiyo maana kikundi kinachopanga kamio pamoja kisingoje njiani ili kuamua. Kiamue nyumbani.

Mambo ya kufanya

Nimeyaandika kwa kifupi ili yaweze kusomwa kwa sauti katika mkutano wa juma hili.

Kabla ya kulipa, muulizeni shofere amkanyagie mmoja wenu freni moteri ikiwa inawaka. Pedali isiyopaa, inayozama mpaka chini, ni neno la kutosha. Angalieni kama kuna mafuta yanayovuja ndani ya magurudumu. Muulizeni konvoyeri aonyeshe kipande cha mti au jiwe la kuzuia gurudumu. Kamio isiyo nacho haijajiandaa kwa milima.

Patanisheni tangu parkingini: gari likizimika, abiria hawatakokotwa ndani yake, na sehemu ya nauli itarudishwa ili wapande jingine. Mkiwa kumi mkisema neno moja, shofere atasikiliza. Mmoja peke yake atachekwa.

Kwenye mteremko, shofere ashuke kwa vitesi ile ambayo angepandia. Kama anazima moteri au anaachilia gari lijiendee ili kuokoa mafuta, pigeni kelele wote. Mafuta anayookoa ni kikombe kimoja, na anawalipisha ninyi.

Kama ni lazima gari likokotwe: likokotwe tupu, mwendo usizidi ule wa mtu anayekimbia, ufunguo ubaki umefunguliwa ili usukani usijifunge, kitambaa chekundu kifungwe katikati ya kamba ili wapita njia na pikipiki waione, na giza likiingia lisimamishwe kwenye kijiji cha karibu. Mtu asisimame karibu na kebo iliyokazwa, kwa maana ikikatika inapiga kama mjeledi. Magari ya otomatiki yasikokotwe mbali magurudumu yote yakiwa chini, kwa sababu gia zake zinaharibika na hasara inakuwa mbili.

Watoto wafundishwe kwamba nyuma ya kamio hapashikwi, hata kama ni pole, hata kama rafiki amefanya jana na akarudi mzima. Katika vijiji vya kando ya njia, chagueni mama mmoja au wawili wa kuangalia mpando saa watoto wanapotoka shuleni. Wanaoshika kamio ni walewale kila siku, na majina yao mnayajua.

Na vijana wetu wa kinga na chukudu, tuwanunulie mpira wa freni mapema. Kipande cha pine kuukuu kwa fundi hakilingani na bei ya dawa.

Mwisho, ndugu zangu, tusifikiri kwamba mambo ya freni ni ya wanaume wa garaji. Mama anayejua kuangalia unga kama umeharibika kabla ya kuununua, anaweza pia kuangalia gurudumu kabla ya kupanda. Katika mkutano ujao, kila kikundi kilete jina la parkingi kinayotumia na siku inayosafiri, ili tukae pamoja na mashofere wa parkingi hiyo na kuwekeana neno hili la kutokokotwa. Waleteni na wababa walio mashofere. Watatujibu mengi, na tutawasikiliza, lakini neno lenyewe tusiliache.